Kwa Nini Kompyuta Ndogo Hugoma Kuwaka Ikishawekewa Bodi ya Nyongeza

Kompyuta ya bodi moja inafanya kazi vizuri kwa miezi. Mwenyewe anachomeka bodi ya nyongeza juu ya pini zake, iwe ya modemu, ya betri, ya skrini au ya rilei, na kuanzia hapo mashine inagoma: taa nyekundu ipo, skrini ni nyeusi, hakuna kinachoendelea. Akiomba ushauri anapata majibu yanayopingana. Huyu anamwambia abadilishe chaja. Yule anamwambia aflashi kadi upya. Mwingine anamwambia bodi imeungua, anunue nyingine. Kila mshauri ana kisa cha kweli nyuma yake, na ndiyo maana ubishi hauishi: dalili ni moja, vyanzo ni vingi, na kila mtu anatetea kile kilichowahi kumpata.

Uchambuzi huu unapima madai hayo kwa kutumia zaidi Raspberry Pi, iliyoenea kuliko nyingine zote, pamoja na BeagleBone Black, inayoonyesha upande wa tatizo ambao watumiaji wa Raspberry Pi huusahau. Hoja yangu naiweka mezani mapema: kabla ya kuuliza kipi kimeharibika, mtu aulize mashine imekwama katika hatua ipi. Hatua ikijulikana, nusu ya washukiwa huondoka wenyewe.

Pini hizi na kanuni zake

Raspberry Pi ya kwanza iliingia sokoni tarehe 29 Februari 2012 ikiwa na pini 26. Julai 2014 toleo la B+ lilileta pini 40, na mpangilio huo umedumu hadi Raspberry Pi 5 iliyotoka mwaka 2023. Pamoja na B+ zilitangazwa kanuni za bodi za nyongeza ziitwazo HAT. Zinataja vipimo vya bodi, matundu manne ya skrubu, na jambo moja lenye uzito kuliko yote: kila HAT iwe na chipu ndogo ya kumbukumbu, EEPROM, iliyounganishwa kwenye pini ya 27 na ya 28. Ndani ya chipu hiyo kuna jina la bodi, jina la mtengenezaji na maelezo ya pini inazotumia. Mashine huisoma kabla kiini cha Linux hakijapakiwa, ikajipanga kufuatana nayo.

BeagleBone Black, ya Aprili 2013, ina utaratibu unaofanana. Bodi zake za nyongeza huitwa cape, nazo hujitambulisha kwa anwani 0x54 hadi 0x57, yaani zisizozidi nne kwa wakati mmoja.

Kanuni ni nzuri. Tabu ni kwamba bodi nyingi za bei nafuu zina umbo la HAT bila kuwa na chipu hiyo, na mnunuzi hana njia ya kulijua hilo kwa kutazama picha. Anaamini amenunua kitu kitakachojitambulisha chenyewe, kumbe amenunua bodi inayomtaka aandike mipangilio kwa mkono.

Hatua kwa hatua hadi mfumo uonekane

Kwenye Raspberry Pi, kinachoamka kwanza ni sehemu ya chipu inayoshughulikia picha, VideoCore, kabla ya prosesa yenyewe. Katika matoleo ya mwanzo hadi Pi 3, sehemu hiyo hutafuta faili liitwalo bootcode.bin kwenye kadi. Pi 4 na Pi 5 zina programu hiyo ya kuanzia ndani ya chipu iliyo kwenye bodi yenyewe. Baada ya hapo husomwa config.txt na EEPROM ya HAT, hupakiwa maelezo ya vifaa, ndipo Linux huchukua usukani.

Umeme, lakini, haungoji hayo yote. Mara chaja inapochomekwa, volti 5 zinafika pini ya 2 na ya 4, na bodi ya nyongeza inaanza kula umeme, kutuma ishara na kuvuta pini juu au chini, wakati mashine bado haijajua ina nini juu yake. Mipangilio yote mtu anayoiandika kwenye kadi huanza kazi baada ya dakika hiyo ya hatari kupita.

Taa ya kijani ndiyo shahidi wa bure. Isipowaka hata kidogo, mashine haijafika kwenye kadi, hivyo kuhangaika na faili ni kupoteza muda. Ikimeta mara nne fupi na kurudia, faili la start.elf halijaonekana, mara saba, kiini cha mfumo hakijaonekana. Ikimetameta bila mpangilio kisha ikatulia, mfumo umeanza kupakiwa na kukwama mbele ya safari.

Dai la kwanza: ni umeme

Dai hili ndilo la kawaida zaidi, na ndilo lenye uwezekano mkubwa wa kuwa kweli. Pi 4 inahitaji volti 5 na ampea 3. Pi 5 imetengenezewa adapta ya wati 27, inayotoa ampea 5 kwa volti 5.1. Mashine hulalamika voltiji inaposhuka chini ya 4.63, na kufika hapo si safari ndefu: waya wa USB na viunganishi vyake vikiwa na ukinzani wa omu 0.25 tu, mkondo wa ampea 2 unapoteza nusu volti njiani. Adapta inatoa 5.1, bodi inapokea 4.6. Lebo ya adapta haisemi uongo, ila mtu ameisahau kebo.

Sasa ongeza bodi ya juu. Modemu ya GSM ikituma kwa mtandao wa 2G huvuta hadi ampea 2 kwa mapigo mafupi. Koili ya rilei ndogo ya volti 5 inakula takriban miliampea 70, hivyo bodi ya rilei nane zikishika kwa pamoja inakaribia miliampea 570. Mashine iliyokuwa ikiishi ukingoni sasa inadondoka, na mwenyewe analaumu bodi ya nyongeza badala ya adapta ambayo tangu mwanzo haikutosha.

Pi 5 imeongeza utata wake. Ampea 5 kwa volti 5 ni kitu ambacho chaja nyingi za kompyuta mpakato hazitoi, hata zile kubwa za wati 65, kwa sababu zenyewe hupandisha volti badala ya ampea. Isipopata uthibitisho wa ampea 5, Pi 5 hubana soketi zote za USB zisizidi miliampea 600 kwa pamoja, na hukataa kuwaka kutoka diski ya USB mpaka iruhusiwe. Ikilishwa umeme kupitia pini, kama bodi za betri zinavyofanya, haina wa kumuuliza. Hapo mtumiaji hana budi kutangaza mwenyewe uwezo wa chanzo chake kwa kuandika PSU_MAX_CURRENT=5000 katika mipangilio ya programu ya kuanzia, na asiandike hivyo kama betri yake haiwezi.

Bodi za betri zinastahili neno la ziada, kwa kuwa katika miji mingi ya Afrika Mashariki umeme hukatika bila taarifa na bodi hizi hununuliwa kwa sababu ya msingi. Kanuni za HAT zinataka bodi inayolisha mashine kupitia pini iweze kutoa angalau ampea 1.3 mfululizo, na iwe na kinga ya kuzuia umeme usirudi ilikotoka pale chaja ya pili inapochomekwa. Bodi isiyo na kinga hiyo huweza kusukuma umeme ndani ya mashine iliyozimwa. Modemu yenye chanzo chake pekee hufanya vivyo hivyo kupitia waya wa kutuma data. Mashine inabaki nusu hai, na umeme halisi unapokuja haianzi upya ipasavyo. Dalili yake inatambulika: ukichomoa kila kitu, ukangoja, kisha ukawasha mashine na bodi kwa pamoja, inawaka, ukiwasha modemu kwanza, inagoma.

Udhaifu wa dai hili ni kwamba limekuwa jibu la kila kitu. Mtu hununua adapta ya tatu bila kupima hata mara moja. Multimita kati ya pini ya 2 na ya 6, huku mashine ikijaribu kuwaka, hutoa jibu kwa sekunde chache. Haitakamata mporomoko wa haraka sana, lakini voltiji iliyolala chini kabisa itaionyesha. Mashine ikiwaka walau mara moja, amri vcgencmd get_throttled inasema mengine: 0x0 ni usalama, 0x50000 maana yake voltiji iliwahi kushuka tangu ilipowashwa, 0x50005 maana yake imeshuka hata sasa hivi.

Dai la pili: ni kadi na mipangilio

Wanaosema hivi huanza na kuflashi kadi. Kinachowapa nguvu ni kwamba mara nyingi mashine huwaka tena, na kinachowaangusha ni kwamba huzima tena mara bodi inaposakinishwa upya. Kuflashi kunafuta ushahidi pamoja na tatizo.

Hata hivyo migongano ya mipangilio ipo kweli. Bodi za sauti hutumia GPIO 18 hadi 21 (hizi ni namba za ishara za chipu, si nafasi za pini kwenye soketi). Skrini kadhaa hutumia GPIO 18 hiyohiyo kwa mwanga wake. Maelekezo mengi ya zamani yanaelekeza kwenye /boot/config.txt, ilhali tangu toleo la Bookworm la Oktoba 2023 faili linalosomwa liko /boot/firmware/config.txt, kwa hiyo mtu anaweza kuandika kila kitu kwa usahihi mahali ambapo hapasomwi. Skrini ndogo za inchi 3.5 huja na skripti zinazoandika upya config.txt nzima na kuhamishia picha kwenye pini. Skrini ya HDMI inabaki nyeusi, na mwenyewe anasema mashine haiwaki, kumbe imeshawaka, inaitikia ping na inapokea SSH. Kosa hili la kuona skrini nyeusi na kuhitimisha kwamba mashine imekufa limetupa bodi nzima nyingi kuliko inavyokubaliwa.

Bodi za diski za NVMe kwenye Pi 5 zina sura yao. Hizi hupita kwenye utepe wa PCIe, na programu ya kuanzia haitafuti diski hapo kama bodi haijajitambulisha, mpaka iandikwe PCIE_PROBE=1. Njia hiyo imethibitishwa kwa kasi ya kizazi cha pili. Anayelazimisha kizazi cha tatu anaweza kupata diski inayoonekana leo na kutoweka kesho.

Dai la tatu: ni pini zenyewe

Hili ndilo dai linalosikika kwa nadra na kueleweka kwa nadra zaidi, nami naona ndilo lenye mafunzo mengi kuliko yote.

BeagleBone Black inatumia chipu ya AM335x kutoka Texas Instruments. Chipu hiyo, mara inapoamka, husoma hali ya pini kumi na sita ili ijue itafute mfumo wapi: kumbukumbu ya ndani, kadi, USB au mtandao. Pini hizohizo, P8_31 hadi P8_46, zimetolewa nje kwenye soketi ya bodi za nyongeza, na baadaye hutumika kwa skrini. Rezista ndogo ndizo zinazoziweka katika hali sahihi. Cape ikivuta mojawapo kwa nguvu kuliko rezista hiyo katika sekunde ya kuwashwa, chipu inasoma agizo jingine na kutafuta mfumo mahali ambapo haupo. Hata kitufe cha kuchagua kadi kinafanya kazi kwa kushusha pini moja ya kundi hilo, P8_43. Kitufe kilichounganishwa hapo na mtumiaji asiyejua, kikibonyezwa wakati wa kuwasha, kinabadilisha mpangilio mzima wa kuwaka. Tena pini nyingine za upande huohuo zinashirikiana na kumbukumbu ya ndani, eMMC. Bodi inayozigusa kabla ya wakati inaikata mashine na mfumo wake. Hapa kuflashi hakusaidii kitu, wala chaja mpya.

Raspberry Pi ina uhuru zaidi, lakini haijakingwa. Programu zake za zamani ziliingia katika hali ya usalama pale pini ya 5 ilipounganishwa na ya 6, na bodi iliyoshusha pini ya 5 ilizua kizaazaa hadi ukaongezwa mpangilio avoid_safe_mode. Pi 3 inaweza kuandikiwa, mara moja na bila kurudi nyuma, ianze kusoma pini ili kuamua itafute mfumo wapi. Aliyefanya hivyo kwa majaribio amejifunga kwa maisha ya bodi hiyo. Pini za 27 na 28 zimetengewa EEPROM, ila wapo wanaochomeka vihisio hapo, na mashine hujaribu kuvisoma kama kitambulisho kila inapowashwa.

Kisa kinachowachosha mafundi wengi ni cha GPS. Moduli ya GPS hutuma data yake kila sekunde bila kuombwa, kupitia pini ya 10, ambayo ni mlango wa kupokea wa siriali. Kwenye Raspberry Pi OS hakuna shida kubwa. Lakini mifumo mingine, Fedora ikiwemo, hupitia programu ya U-Boot, ambayo husubiri sekunde chache mtu abonyeze kitufe ili isimamishe kuwaka. U-Boot haijui kwamba aliyebonyeza ni setilaiti. Inapokea herufi, inasimama, inangoja amri isiyokuja. Mtu akichomoa GPS, mashine inawaka, akiirudisha, inagoma, adapta ni nzima, kadi ni nzima, bodi ni nzima. Dawa ni kuihamishia GPS kwenye USB au siriali nyingine, au kuipa U-Boot bootdelay ya -2 ili isisikilize kabisa.

Chipu ya ESP32, ingawa si kompyuta kamili, ina ugonjwa wa ukoo huu: GPIO 12 ikiwa juu wakati wa kuwasha, chipu inapanga kumbukumbu yake kwa volti 1.8 na kumbukumbu ya kawaida ya volti 3.3 haisomeki.

Udhaifu wa dai la pini ni gharama yake. Linataka mchoro wa saketi wa bodi zote mbili, na watengenezaji wengi hawautoi. Pia ni rahisi kwa fundi kuvutiwa na kisa cha ajabu akapita juu ya kebo mbovu.

Bodi ijitambulishe, au mtu aandike mwenyewe?

Chini ya ubishi huu kuna uchaguzi wa kihandisi. EEPROM inamwondolea mtumiaji kazi na makosa ya kuandika. Lakini maelezo yake yakiwa mabovu au yamepitwa na wakati, kosa linaishi ndani ya bodi: kadi mpya, mfumo mpya, tatizo lilelile. Kwa hali hiyo kuna mstari mmoja wa kuandika kwenye config.txt, force_eeprom_read=0, unaoizuia mashine kuisoma. Kanuni za awali pia hazikuruhusu HAT mbili kupandana, kwa kuwa zote zingeitikia anwani moja ya 0x50. Kanuni mpya za HAT+, zilizotolewa Desemba 2023, zimeongeza anwani kwa ajili ya bodi za umeme, na zinadai bodi ivumilie hali ambapo volti 5 zipo huku 3.3 zimezimwa, kama inavyokuwa Pi 4 na Pi 5 zinapolala.

Kuandika kwa mkono kunaacha kila kitu wazi na kunaweza kukaguliwa, ila kunamtegemea mtu na kunavunjika mfumo ukihama toleo. Kwa maabara ya mwanafunzi napendelea mkono, kwa sababu anajifunza. Kwa mtambo uliofungwa juu ya mnara au shambani, mbali na fundi, napendelea HAT+ yenye kitambulisho kilichojaribiwa.

Kuyapima madai

Jaribio la kwanza halihitaji pesa. Chomoa bodi, acha kadi na chaja zilezile bila kugusa faili lolote. Mashine ikiwaka, kadi haijafa na mipangilio ya bodi pekee haiizuii. Mshukiwa ni umeme, pini au EEPROM. Isipowaka hata bila bodi, weka alama ya kuzuia mbele ya mistari ya bodi katika config.txt kupitia kompyuta nyingine, kisha ujaribu tena. Ikiwaka sasa, kosa lilikuwa maandishi.

Mshukiwa akiwa ni bodi, pima voltiji ikiwa imechomekwa. Voltiji ikisimama vizuri, zima kila kitu, ondoa bodi juu ya pini na uiunganishe kwa nyaya: kwanza umeme na GND peke yake, kisha pini nyingine kundi kwa kundi. Kundi linaloiangusha mashine ndilo la kutafutwa katika mchoro. Kebo ya siriali ingeonyesha hatua ya mwisho iliyofikiwa, ingawa inataka pini ambazo bodi yenyewe huenda inazitumia. Pi 5 imelitatua hilo kwa soketi ndogo ya siriali iliyo kati ya milango miwili ya HDMI.

Kazi hii yote ifanyike umeme ukiwa umechomolewa kila unapogusa kitu. Bodi iliyokaa vibaya kwa pini moja upande inaweza kupeleka volti 5 kwenye pini inayovumilia 3.3 tu, na hapo ndipo dai la "imeungua" linapogeuka kweli. Chungulia pia chini ya bodi: miguu ya soketi iliyochomoza ikigusa bati la HDMI au la mtandao ni shoti tayari.

Uamuzi wangu ni kwamba wanaoanza na umeme wako sahihi kwa mpangilio, ila wapime badala ya kununua. Wanaotazama pini wako sahihi mara chache kuliko wanavyodhani kwenye Raspberry Pi, na mara nyingi kuliko wengine wanavyodhani kwenye BeagleBone na kwenye mfumo wowote unaopitia U-Boot. Kuflashi kadi kuwe hatua ya mwisho, baada ya kunakili config.txt pembeni. Lawama kubwa zaidi inawaangukia wauzaji wanaotoa bodi bila orodha ya pini, bila kiwango cha ampea na bila mchoro, kisha wanampa mteja skripti asiyoweza kuisoma. Kabla ya kulipa, uliza mambo matatu: bodi inatumia pini zipi, inakula ampea ngapi ikiwa kazini, na ina EEPROM au haina. Muuzaji asiyeweza kujibu, mwachie bodi yake.